Walio Nyuma ya Msafara

Wapendwa katika Bwana, salamu za juma jipya. Masomo yetu ni Kumbukumbu la Torati 25:17-19 na Hesabu 10:11-28.

Habari ya Amaleki, taifa lililowashambulia Waisraeli jangwani, tulifundishwa tangu ekodimu, shule ya Jumapili: Yoshua anapigana bondeni, Musa yuko kilimani na fimbo, Haruni na Huri wanamshika mikono mpaka jua linakuchwa. Hiyo ni Kutoka 17. Karibu miaka 40 baadaye, Musa akiwa mzee anayeaga watu wake, anasema jambo ambalo Kutoka 17 haikulitaja. Amaleki aliwavizia waliokuwa mkiani mwa msafara, wale dhaifu, waliochoka hata miguu ikakataa. Hao ndio aliowapiga. Miaka yote hiyo imepita na jambo hilo bado linamuuma Musa.

Andiko hili limenikaa moyoni tangu kikundi chetu cha spoti kilipoanza kukimbia kila Jumamosi asubuhi hapa Bukavu. Mwenye kuujua mji huu anajua kwamba ukishuka hadi ziwani, kurudi ni kupanda tu. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni anakosa pumzi hata kwa kutembea. Mvua ikinyesha ni matope, mwezi wa saba ni vumbi. Tunatoka mapema, kabla pikipiki hazijajaa barabarani. Siku ambazo hali ya mji hairuhusu, kila mtu anabaki kwake na tunaombeana.

Tunakimbia tukiimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na miguu inafuata mdundo. Nyimbo hizo zinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Waganga wa hospitali wanashauri kwamba anayejenga moyo na mapafu yake akimbie, mara nyingi, kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea. Sisi tunapima kwa kiitikio: sauti za nyuma zikipungua, aliye mbele anajua ameongeza mwendo kupita kiasi, na inambidi apunguze.

Nilijiunga nikiwa na malengo yangu: kufika kilomita kumi bila kusimama, kupunguza uzito, kisha kuzimaliza hizo kumi chini ya saa moja. Ni malengo mema na sijayaacha. Namshukuru Mungu kwa jinsi mwili ulivyoitikia polepole. Mlima wa kwenda Kadutu, ambao mwanzoni uliniacha nimeshika kiuno, sasa naupanda huku wimbo uko kinywani. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo (1 Timotheo 4:8). Hicho kidogo nimekiona kwa macho: usingizi mzuri, kichwa chepesi, subira zaidi na watoto nyumbani.

Kisha kiongozi wetu akanipa kazi ya kukaa nyuma. Mwenye kazi hiyo hampiti mtu yeyote. Anafika wa mwisho, kila Jumamosi.

Ukiwa nyuma unaona mambo ambayo wa mbele hawawezi kuyaona. Tuna mama mmoja ambaye munganga alimwagiza atembee na afanye spoti kwa sababu ya tansio, yaani shinikizo la damu. Kila tulipokaribia katikati ya mlima aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri. Aliifungua, akaifunga tena taratibu, vidole vikitetemeka, mpaka pumzi imrudie. Hakutaka mtu ajue kwamba amechoka. Nilisimama kando yake bila kusema kitu. Alipoinuka tulitembea hadi nguzo ya umeme iliyofuata, tukakimbia hadi nyingine, tukatembea tena. Tuliendelea hivyo kwa miezi. Dawa bado anameza kama alivyoagizwa, lakini munganga alipompima tena alifurahi, na siku hizi mlimani sauti yake ya kuitikia inasikika.

Ndugu zangu, kanisani nako kamba zinafungwa. Mtu aliyefiwa, au aliyepoteza kazi, au ambaye nyumba yake haina amani, hatatangaza kwamba amebaki nyuma. Ataacha korali kwanza, akisema sauti imekauka. Halafu atakaa kiti cha karibu na mlango. Ukimuuliza habari atakujibu “tuko tu”, nawe utaendelea na njia yako. Amaleki anawajua watu wa namna hiyo kuliko tunavyowajua sisi.

Huko Uingereza, mwezi wa kumi 2004, watu 13 walikimbia pamoja katika bustani ya Bushy Park, London. Kutokana na mbio hizo ulizaliwa mpango wa parkrun, ambao leo uko katika nchi nyingi: kilomita tano, kila Jumamosi, bila malipo. Katika kila mbio za mpango huo yuko mtu aliyejitolea kutembea nyuma kabisa, ili asiwepo mwingine wa kuitwa wa mwisho. Niliposoma habari hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye Hesabu 10.

Pale Israeli wanang'oa kambi Sinai. Yuda anatangulia, na Dani anafunga msafara nyuma ya kambi zote. Rudini kwenye sura ya 2 muone hesabu zao. Kambi ya Yuda ilikuwa na wanaume 186,400 wa kwenda vitani, ndiyo kubwa kuliko zote. Ya pili kwa ukubwa ni kambi ya Dani, wanaume 157,600. Utaratibu huo ulitolewa baada ya shambulio la Amaleki, na nyuma ya msafara Mungu aliweka kambi yenye watu wengi. Sisi tunafanya kinyume: wenye nguvu tunawapa maikrofoni na viti vya mbele, na wanaobaki nyuma tunawaachia mama mmoja mjane mwenye moyo wa huruma. Hapa tunapaswa kubadilika, tena upesi.

Isaya 52:12 inakwenda mbali zaidi. Watu wanatoka utumwani, wanaambiwa hawatatoka kwa haraka wala kwa kukimbia, kwa kuwa Bwana atawatangulia, na Mungu wa Israeli atawafuata nyuma. Mungu mwenyewe anakubali kutembea mahali pa Dani.

Juma hili, viongozi wa vikundi vya nyumbani, fungueni daftari la mahudhurio mtafute jina ambalo halijaitikiwa kwa muda. Mtembeleeni. Msianze na “mbona hauonekani?” Beba hata sabuni au sukari kidogo, keti, umsikilize mpaka amalize.

Na Jumamosi tunakimbia kama kawaida. Asiyeweza kukimbia aje atembee. Mimi niko nyuma, tutapanda pamoja.