Medali ya Chicago na jina lililoachiwa nafasi

Bibi yangu alikuwa akiweka sukari katika kopo kuukuu la biskuti, na juu ya kifuniko chake zilichorwa medali kadhaa, kila moja ikiwa na jina la mji na mwaka. Nikiwa mtoto niliziona kuwa mapambo tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mtengenezaji alikuwa akimthibitishia mnunuzi kuwa bidhaa yake ilikwisha kukaguliwa na majaji wa maonyesho ya kimataifa, wakairidhia.

Desturi hiyo ilipata nguvu katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, ambako medali za shaba zenye sura za Malkia Victoria na Mwanamfalme Albert, kazi ya William Wyon, zilitolewa kwa washindi. Lakini ile inayonigusa zaidi ni ya Chicago ya mwaka 1893, kwa kuwa maonyesho yale yaliadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika, na hivyo medali moja ikawa kumbukumbu ya safari na papo hapo tuzo ya mshiriki.

Upande wa mbele ulibuniwa na mchongaji sanamu wa Marekani, Augustus Saint-Gaudens, aliyemwonyesha Columbus akikanyaga nchi kavu, mikono ameitanua. Upande wa nyuma alimweka kijana aliye uchi, na kamati ya Seneti ya Marekani ikaukataa mchoro huo. Kazi ikahamishiwa kwa Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha serikali cha sarafu, jambo lililomkasirisha sana Saint-Gaudens, nami naona alikuwa na haki, kwa maana pande mbili za medali ile hazizungumzi lugha moja. Mivutano hiyo iliwachelewesha washindi, ambao walikabidhiwa medali zao mwaka 1896.

Hata hivyo, upande wa Barber una jambo ninaloliheshimu. Chini yake kuna kibao kidogo chenye jina la mshindi, lililogongwa kwa kipande cha kalibu kilichobadilishwa kila mara, hata maelfu ya medali zinazofanana zikawa kila moja na mwenyewe. Majengo mengi ya maonyesho, yaliyofunikwa kwa plasta iliyochanganywa na nyuzi, yaliteketea kwa moto mwaka 1894, kabla hata medali hazijatolewa. Kwa hiyo mshindi aliyefungua kasha lake alipokea shaba yenye upana wa milimita 76, ikiwa na jina lake, kutoka mahali ambapo sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuwa majivu.