Kiganja cha mvuvi

Mwaka 2021, Korona ikiwa imetujazia wodi, wauguzi sita tuliitwa kufundishwa kutoa damu ya kupima oksijeni kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Pale kwetu kazi hiyo walikuwa wakiifanya madaktari. Sisi tumezoea vena, mshipa unaorudisha damu moyoni: unafunga mpira, inavimba, unaiona. Ateri huioni, unaisaka kwa ncha za vidole.

Asubuhi tulijifunzia kwenye mkono wa plastiki, mmoja akiminya mpira ili mapigo yawepo, mwingine akichoma. Nilichoma kwa mshazari wa nyuzi 45, maji mekundu yakapanda. Kichwa kikavimba. Kilichonichosha ni kipimo cha kiganja, wanachokiita kipimo cha Allen. Kiganja kinalishwa na ateri mbili, ya upande wa kidole gumba, ambayo ndiyo tunayoichoma, na ya upande wa kidole cha mwisho. Tuliyoichoma ikiziba, mwenzake abebe mzigo wote. Basi mgonjwa anakunja ngumi, unazibana zote mbili, anafungua kiganja kimepauka, unaachia ile ya kidole cha mwisho na kuhesabu. Rangi ikirudi kabla ya sekunde 15, endelea. Tulipimana wenyewe kwa wenyewe, kila kiganja kikaiva baada ya sekunde tano, sita. Nikaona ni mapambo tu ya mafunzo.

Mchana tukaingia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Nilipewa mzee mmoja, mvuvi wa Pangani, anapumulia oksijeni lakini ana akili zake zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba mwanangu. Sindano tena?"

Anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo nikachukua wa kushoto, kama tulivyoelekezwa. Mapigo niliyapata papo hapo, yanagonga kweli kweli. Nikapangusa kwa spiriti, nikashika bomba lenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande.

"Kiganja umekipima?" mwalimu akauliza nyuma yangu.

Nikamjibu kwamba mapigo yako vizuri. Akanyamaza. Nikarudisha bomba kwenye trei.

Mzee akakunja ngumi, nikabana, akafungua. Nikaachia. Nilipofika kumi, kiganja bado kama unga wa muhogo. Kumi na tano. Ishirini. Miwani ilikuwa imejaa ukungu, nikadhani ni macho yangu. Nikarudia. Yale yale.

Mwalimu akaugeuzia mkono kwenye mwanga. Kwenye kifundo, upande wa kidole cha mwisho, palikuwa na kovu kuukuu ambalo mimi nililiona kunyanzi.

"Dafu hilo," mzee akasema. "Nimelishika huku, panga likateleza. Ujana."

Kumbe mkono ule ulikuwa ukiishi kwa ateri ileile niliyotaka kuichoma! Jasho likanitiririka ndani ya gauni la plastiki. Mwalimu hakunigombeza, na afadhali angenigomba.

Tukahamia mkono wa kulia. Kiganja kikaiva kwa sekunde nne. Nikachoma, damu ikapanda yenyewe bila kuvuta, nyekundu ya kung'aa. Nikabana gozi, mwenzangu akapokea bomba, akatupa sindano kwenye sefti boksi, akatoa mapovu ya hewa yasije yakadanganya kipimo cha oksijeni, akakimbilia maabara.

Mimi nikabaki na gozi. Dakika tano, kwa saa ya ukutani. Kwenye ya tatu nikataka kuchungulia.

"Bonyeza tu, mwanangu," mzee akasema. "Mie leo siendi baharini."