Mada niliyokuwa nikiikimbia darasani

Miaka minne ya kwanza ya kufundisha baiolojia, mada ya mageuko ya viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, niliisukuma hadi wiki ya mwisho ya muhula, nikijua muda hautatosha. Ukitosha, nilisoma nukuu mbiombio, nikafunga daftari na kusema: "Haya ni ya mtihani tu, sisi tunamjua aliyetuumba." Darasa lilicheka, nami nikatoka kifua mbele, nimeitetea imani.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Swali lilitaka ushahidi mmoja wa mageuko. Binti mmoja, wa wale wanaokaa mbele na kuandika kila neno, alijibu: "Hakuna. Mwalimu alisema." Kalamu nyekundu ikaniganda mkononi. Nimpe sifuri kwa maneno yangu mwenyewe?

Nilimwomba mkuu wa shule mada hiyo apewe mwingine. Hakunikemea. Aliniwekea muhtasari wa somo mezani: "Mwalimu, nionyeshe palipoandikwa mwanafunzi aamini." Nikatafuta. Aeleze, ataje, alinganishe, basi. Nakiri nilitamani nilikute hilo neno, nipate pa kusimamia.

Nilipoanza kusoma kwa dhati nikakutana na John Scopes, mwalimu wa jimbo la Tennessee, Marekani, aliyeshtakiwa mwaka 1925 kwa kufundisha mada hiyohiyo, akatozwa faini ya dola 100. Yeye alizuiwa na sheria. Mimi nilijizuia mwenyewe, na darasa zima nikalizuia.

Mwaka uliofuata sikuanza na binadamu. Nilichora ubaoni bakteria ishirini, nikafuta kumi na wanane: hao wameuawa na dawa. Wawili waliobaki, walioihimili dawa, nikawazalisha mpaka ubao ukajaa, kisha nikauliza dawa ileile itafanya nini sasa. Kimya. Halafu sauti ya nyuma: "Haitafanya kitu." Nikasema hapo tayari tumeingia kwenye mageuko. Tukaendelea na mifupa ya mkono wa mtu, bawa la popo na pezi la nyangumi, yote kwa mpangilio uleule: mmoja juu, miwili chini yake, kisha vifupa vya kiganja na vidole.

"Mwalimu, na wewe unaamini?"

"Nimesali asubuhi, na somo hili nimelisoma vizuri," nikajibu. "Fungueni ukurasa unaofuata."

Sehemu ya binadamu bado hunitoa jasho. Lakini siiruki.