Mpira wa mtu na mpira wa watu: likizo ya Juni pale Ngamiani

Kama ulikulia uswahilini, unamjua mwenye mpira. Hajui kucheza, lakini lazima apangwe mbele. Akipigwa chenga mara mbili anakunja uso. Akifungwa anasema goli ni la juu, na kwa vile magoli yenyewe ni mawe mawili hakuna wa kumbishia. Mama yake akimwita kununua mafuta ya taa, anaubeba mpira wake kwapani na kuondoka, na ninyi wengine mnabaki mmesimama uwanjani kama mliofiwa.

Mwenye mpira wetu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ilikuwa mwaka 1994, nina miaka 11, darasa la tano, tunaishi Tanga, Ngamiani, kule ambako mitaa haina majina bali namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, mpaka ishirini na kitu. Sisi wengine tulikuwa na mpira wa matambara: soksi iliyokufa, ndani yake nailoni na vipande vya kanga, juu yake kamba ya katani iliyosukwa kama wavu. Katani ilikuwa ya bure, Tanga ni mji wa mkonge. Mpira ule ulidunda kidogo sana, na ukilowa ulikuwa kama unapiga mkate wa jana. Wa mwenzetu ulikuwa wa ngozi, na mtu akishazoea kudundisha ngozi hataki tena kurudi kwenye soksi.

Kilichotuchosha ni siku aliyoondoka nao tukiwa tunaongoza mbili bila dhidi ya watoto wa barabara ya jirani. Walituzomea hadi tukaingia ndani. Jioni ile tulikaa chini ya mkungu wa Bibi, tunapasua kungu kwa mawe, na mmoja akasema, kwa nini tusiwe na wa kwetu sote? Wa kila mtu, wa kutokubebwa na mtu.

Sasa, watoto wa miaka ile tuliijua serikali. Kila mtaa ulikuwa na balozi wa nyumba kumi, na kila mkutano wa watu wazima tulikuwa tumeukalia pembeni, tunasikiliza. Kwa hiyo hatukuuliza mtu. Tukasema tunachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa miaka miwili nyuma na wakubwa walikuwa bado wanatukanana vijiweni, lakini sisi vyama vyetu vilikuwa viwili tu, Coastal na African Sports, timu mbili za mpira za Tanga. Wagombea wakasimama, watu wakapanga mstari nyuma yao. Wa Coastal akashinda. Wa African Sports akalalamika kwamba mwenzake amehonga karanga, jambo ambalo lilikuwa kweli, mimi mwenyewe nilizila.

Mimi nikapewa uweka hazina kwa sababu moja tu: nyumbani kwetu kulikuwa na kopo la Blue Band lenye mfuniko.

Mpira wa dukani ulikuwa shilingi 3,500. Tulianza kwa kuokota chupa na kuziuza, kisha kuchotea watu maji. Wiki nzima hatukufika hata mia tano. Aliyetuokoa ni msichana mmoja wa darasa la sita, dada yake muuza matunda. Alituambia machungwa yanayoshuka kwenye malori kutoka Muheza, ukinunua mia kwa mkupuo, moja linakusimamia shilingi tano. Ukilimenya na kulikata kichwa, unaliuza kumi. Ile tano ya pili ni yenu.

Watu hudhani kumenya chungwa ni kazi ya mtoto. Jaribu. Kisu kikali mno kinaingia ndani na chungwa linaanza kulia maji, mteja halitaki. Kikiwa butu unachuna vipande vipande, chungwa linatoka na makovu. Msichana yule, tuliyemwita dada wa machungwa, alitufundisha kuzungusha chungwa badala ya kuzungusha kisu: kidole gumba kinakaa juu ya ganda, mkono wa kushoto ndio unaotembea, na ganda linashuka lote kwa pamoja kama utepe mpaka linagusa mchanga. Ule weupe unaubakisha, ndio unaolishika chungwa lisipasuke. Wavulana hawakuweza. Si kwa sababu ni wavulana, walikuwa na haraka tu. Wakapewa kubeba masinia na kutembeza.

Stendi tulikatazwa na mama zetu. Soko letu likawa kwenye baraza za wacheza bao. Mzee akishakaa kwenye bao hasimami, koo linakauka, na anayeshindwa hununua chungwa ili apate muda wa kufikiri. Siku za mechi tulikwenda pia nje ya uwanja wa Mkwakwani, lakini huko wauzaji wakubwa walitufukuza kama kuku.

Likizo ilikuwa tamu, sitaki mtu adhani tulikuwa tunafanya kazi tu. Asubuhi chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ukirudi ni machungwa, alasiri ni michezo hadi adhana ya magharibi, na usiku wa mbalamwezi kombolela. Na mwezi ule ule Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Marekani. Mechi nyingine zilikuwa usiku wa manane kwa saa zetu, kwa hiyo tulizipata asubuhi kwa mdomo wa kaka zetu. Tulihadithiwa jinsi Yekini wa Nigeria alivyowafunga Bulgaria, akaingia ndani ya goli na kuzishika nyavu huku akilia, na siku hiyo hiyo kila mvulana wa barabara yetu akawa Yekini. Tatizo magoli yetu hayakuwa na nyavu. Wakawa wanaenda kushika kamba ya kuanikia nguo ya Mama wa nyumba ya kona, hadi ikakatika na mashuka yake.

Nigeria walipopangiwa Italia, Julai 5, tuliambiwa mechi ni saa mbili usiku. Nyumba yenye televisheni ilikuwa moja, na mwenye nyumba alitoza shilingi ishirini kwa kichwa. Kamati ikakaa. Mwenyekiti na dada wa machungwa wakaenda, wakaamkia, wakakaa kwenye mkeka, wakasema, Baba, hatuna hela, lakini wageni wako watapata machungwa thelathini yaliyomenywa, na sisi tutakaa chini kabisa, hatutapiga kelele. Alicheka mpaka akakohoa. Akakubali. Tuliingia ishirini na sita. Picha ilikuwa chenga tupu, hujui mpira uko wapi, ila Amunike alipofunga tulijua kwa jinsi watu wazima walivyoruka. Italia wakabaki kumi uwanjani. Tukaanza kuambizana imekwisha. Dakika ya 88 Baggio wa Italia akasawazisha, kisha akafunga penalti kwenye muda wa nyongeza. Tulitoka kimya kimya. Ahadi ya kutopiga kelele tuliitimiza, ingawa si kwa namna tuliyotaka.

Hapa lazima niseme la kwangu.

Ilipofika wiki ya tatu kopo lilikuwa na shilingi 2,180 kwenye daftari la katibu. Tukahesabu chini ya mkungu, zikatoka 2,060. Wakahesabu tena. Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo. Ile mia na ishirini ilikwenda kidogo kidogo kwenye barafu za ukwaju, siku ya kwanza kumi, nikiwa na nia ya kurudisha, siku ya pili kumi nyingine. Sikurudisha. Nilikaa nimekumbatia magoti, masikio yananichoma, nasikia wanatuhumiana wao kwa wao, na mtoto mmoja mnyonge ambaye hakuwa na kwao kwa kueleweka akaanza kutazamwa. Hapo ndipo niliposema ni mimi. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu yule mtoto alikuwa ananitazama mimi, naye aliniona na barafu.

Kesi iliendeshwa pale pale. Mmoja alitaka nishitakiwe kwa mama, wakamkatalia: ya watoto yaishe kwa watoto, mkubwa akiingia atalichukua kopo lote. Mwingine akataka nifukuzwe. Dada wa machungwa akauliza, akifukuzwa, mia na ishirini italipwa na nani? Nikahukumiwa kumenya bila kupumzika wiki nzima na kukaa golini kila mechi, siku zote, hata mvua. Ila kilichoniuma ni kwamba hawakuninyima uweka hazina. Walilipeleka kopo kwa fundi wa vibatari, akalichomelea mfuniko kwa risasi na kutoboa tundu la sarafu juu. Likawa kibubu. Wakanirudishia. Nililala nalo kando ya kichwa, natikisa nasikia hela, siwezi kuitoa hata moja.

Siku ya kulifungua fundi alilikata kwa mkasi wa bati, na watoto walizunguka kama kwenye ngoma. Ilikuwepo 3,640, kifungo kimoja cha shati, na senti moja ya kizamani yenye tundu katikati. Kaka mmoja fundi baiskeli akatusindikiza dukani, maana tuliogopa muuzaji angetuuliza hela tumeiba wapi. Mpira ukajazwa upepo kwa pampu yake ya baiskeli. Ukanuka ule unukaji wa ngozi mpya na gundi. Kila mtoto alipewa kuunusa kabla haujapigwa.

Siku mbili baadaye tukagombana vibaya kuliko siku zote za mwenye mpira.

Wavulana waliingia uwanjani saa tisa, na sisi wasichana tukaambiwa tutacheza wao wakichoka. Wavulana hawachoki. Jioni tulikutana wasichana peke yetu nyuma ya choo cha Bibi na kupiga hesabu: nani kamenya? Kesho yake mpira ulikuwa umelala kwetu, kwa kuwa ulikuwa unalala kila nyumba kwa zamu, na haukutoka. Mwenyekiti akaja kuuchukua. Nikamwambia umelala. Akasema, mpira haulali. Nikamwambia huu umechoka, umemenya machungwa mia saba.

Walirudi kwenye mpira wa soksi siku moja na nusu, wakaomba kikao.

Tukapatana hivi. Kuanzia adhana ya alasiri hadi kivuli cha mkungu kifike kwenye jiwe la goli, uwanja ni wa rede na kamba. Kivuli kikishagusa jiwe, ni mpira wa miguu, na msichana anayetaka anapangwa kama mtu, si kama nyongeza. Kivuli hakidanganyi, na hakuna aliyekuwa na saa. Siku za mawingu tuligombana, hilo nalikiri. Rede tuliendelea kuicheza na mpira wa soksi, maana wa ngozi ukikupata mgongoni unaiona Pemba bila kupanda jahazi. Tulichokuwa tunautakia mpira mpya ni heshima tu, na nafasi pale uwanjani.

Jambo moja hatukulipatia dawa. Babu wa nyumba ya ukuta wa bati, mpira ukidondokea kwake, hautoki. Mingine aliwahi kuichana kwa panga. Tulimteua mtoto mmoja aliyekuwa anasoma Kurani vizuri kuliko wote, tukamwita waziri wa mambo ya nje. Kila ukidondoka, anatawadha, anavaa kofia, anagonga.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Wamekutuma tena?"

"Ndiyo Babu."

"Soma kwanza."

Anasoma. Siku nyingine Babu anaurudisha, siku nyingine anasema soma nyingine, na sisi nje tumesimama tunangoja kama watu wa foleni ya sukari. Siku moja waziri alikuwa na homa, tukampeleka mwenyekiti. Hakuijua hata nusu ya sura. Mpira ulilala kule siku nne.

Na yule mwenye mpira wa zamani? Alikaa barazani kwao na mpira wake wiki mbili, anaudundisha peke yake ukutani. Kisha akaja chini ya mkungu akauliza kiingilio ni kiasi gani. Walitaka kumtoza. Mimi, kama mweka hazina mwenye rekodi chafu, nikasema amenye machungwa hamsini. Aliyachuna vibaya, mengine yalibaki kama viazi, na ilibidi tuyale wenyewe. Akapangwa beki.

Mpira wetu ulitoboka mwezi wa tisa kwenye msumari wa uzio. Fundi baiskeli aliuziba mara tatu, mara ya nne akasema kibofu kimekwisha. Tukaupasua ushonaji, tukashindilia matambara ndani, tukaushona upya kwa katani. Ulikuwa mzito kama fenesi na haukudunda kabisa, lakini kwa mbali ulionekana wa ngozi, na tuliucheza hadi masika ya mwaka uliofuata. Babu wa ukuta wa bati aliuona ulivyo, akauinua kwa mkono mmoja, akautupa nje mwenyewe bila kuomba sura.