Nilivyotengeneza meza ya vitonge vya bundi kwa maonyesho ya ndege wawindaji

Katika maonyesho yetu ya ndege wawindaji hapa Nairobi, panapojaa watu kuliko hata kwa tai aliyekaushwa ni kwenye meza ya vitonge vya bundi. Nasema kwa fahari, maana niliambiwa hakuna atakayetaka kutazama matapishi ya ndege. Wanatazama, tena wanahesabu mafuvu moja moja.

Bundi mweupe, Tyto alba, humeza panya mzima. Nyama humeng'enywa, mifupa na manyoya hujikusanya tumboni na kutapikwa kikiwa kitonge cha sentimita nne au tano hivi. Nilimchagua yeye badala ya mwewe kwa sababu asidi ya tumbo lake ni hafifu, hivyo mifupa hutoka mizima. Kitonge cha mwewe huwa nywele tupu na vipande vya mifupa iliyoliwa na asidi, na mgeni haambulii kitu.

Vitonge huokotwa chini ya mapaa ya maghala na majengo ya zamani anapolala bundi. Kipya ni cheusi na kinang'aa kana kwamba kimepakwa vanishi. Cha zamani ni kijivu na humomonyoka. Vaa glavu na barakoa. Manyoya ya bundi yaache hapo hapo: kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, manyoya, kucha na mayai ya ndege wa porini ni nyara, na huwezi kukaa nazo bila kibali.

Sasa jambo ambalo washauri wengi hawalitaji kabisa: nondo wa nguo. Viwavi wake hukaa ndani ya kitonge wakila zile nywele. Ukikileta kibichi kwenye chumba chenye ndege waliokaushwa, viwavi watahamia kwenye manyoya, na ndege aliyetunzwa kwa miongo ataanza kupukutika. Kwa hiyo kila kitonge kinapita kwanza kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, basi natumia mikebe ya kuwekea chakula, na kifuniko nakizungushia selotepu. Ujanja wenyewe uko wakati wa kutoa. Usifungue mkebe siku hiyo. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi hugeuka maji, kitonge hulowa, na ndani ya siku chache kimeota ukungu. Uache ufungwe hadi kesho yake. Kisha weka kitonge juu ya karatasi nyeupe, ndani ya mkebe ule ule uliofungwa, uutazame kwa majuma kadhaa. Chembe za kinyesi cha viwavi zikionekana kwenye karatasi, rudisha kwenye friza.

Baridi haiui bakteria lakini, na bundi anaweza kubeba salmonela kutoka kwa panya. Vile vitakavyofunguliwa na watoto kwa mikono navifunga kwenye foili na kuvitia kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 40.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni wa kuloweka mifupa kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Niliujaribu kwenye mifupa ya ziada ili mabishano yaishe. Mifupa ilitoka myeupe pe, kila mtu akasifu, halafu ikaendelea kugeuka unga hata baada ya kusuuzwa. Dawa hiyo hula protini inayoushika mfupa. Inayofaa ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, bei yake si ya kukushtua. Loweka kitonge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, tenganisha kwa kibano na sindano, mwaga maji kupitia chujio la chai la sivyo mataya madogo yatapotelea kwenye sinki. Mafuvu yakae kwenye peroksaidi saa chache tu, ukiyachungulia. Yakizidi, meno hung'oka. Kubandika, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, juu ya kadi nyeusi.

Ukihesabu, tenga mataya ya chini ya kushoto na ya kulia. Upande wenye mengi ndio idadi ya wanyama walioliwa. Panya ana meno ya mbele ya rangi ya machungwa, kisha pengo, kisha magego. Kirukanjia meno yake yamefuatana bila pengo, na hula wadudu, kwa hiyo usimhesabu kama mharibifu wa mahindi.

Mpangilio nao una kazi yake. Watu wengi wamelelewa wakijua bundi ni mkosi, na ukimweka mlangoni wanarudi nyuma. Niliweka kwanza gunia la mahindi lililotobolewa, kisha mataya, kisha bundi mwenyewe. Mtu akimfikia, tayari ameshaona kazi yake.

Kulikuwa na pendekezo la kuonyesha sumu ya panya kando yake kama njia mwenza. Nilikataa. Brodifakumu na bromadioloni huzuia damu kuganda, lakini panya huishi siku kadhaa akiyumbayumba, windo rahisi kabisa, na sumu hukaa kwenye ini la anayemla. Katika mashamba ya michikichi ya Malaysia, ambako bundi hutengenezewa masanduku ya viota ili wapunguze panya, sumu za aina hiyo ziliwaua bundi wenyewe. Anayetaka bundi wamfanyie kazi aiweke sumu mbali.

Sanduku la kiota nililoongeza baadaye ni la plaiwudi: sakafu karibu sentimita 60 kwa 70, mlango 13 kwa 13, na kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa mlango sentimita 45, ili makinda yasitoke kabla ya kuweza kuruka. Mafundi hupenda kuweka mlango chini na kijiti mbele yake kama cha njiwa. Kikatae: bundi hakihitaji, na kunguru watakitumia. La maonyesho nililikata ubavu mmoja nikaweka plastiki angavu, mgeni aone kile kina. La kutundikwa nje halikatwi, na liwe mita tatu au zaidi kutoka ardhini.