Siku moja na walimu wa Chamwino: "Mbona tunafagia majani yote?"

Saa 11 alfajiri. Dodoma mwezi Novemba ni joto. Naamka na kukagua begi: chupa tupu za maji za lita moja na nusu, rula, futi kamba, vitambaa vyekundu na mkasi wa kupogolea. Kazi yangu ni kuwezesha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA kama tunavyoyaita. Upande wangu ni kuwasaidia walimu wa shule za msingi kuingiza elimu ya maendeleo endelevu kwenye masomo ambayo tayari wanayafundisha. Hilo neno "tayari" ndilo kazi yenyewe. Ukimwendea mwalimu mwenye vipindi vyake, daftari lundo na mitihani ya kusahihisha, ukamwambia umemletea somo jipya, hapo hapo umempoteza.

Saa 12 na nusu. Stendi ya Nanenane, kosta ya kuelekea Chamwino. Baada ya Ihumwa moshi unaonekana mashambani, watu wanachoma mabua kabla ya kupanda. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 na kitu, mwaka mzuri ikifika 600. Kidogo hicho hicho kinaweza kushuka ndani ya siku chache kwa kishindo. Ikikuta ardhi iko uchi, inaondoka nayo.

Saa 2 asubuhi. Nimekaa nyuma ya darasa la Tano. Mwalimu ni kijana, kipindi ni Jiografia na Mazingira, mada ni utunzaji wa udongo. Zamani somo hili lilikwenda kwa kuimba: mwalimu anauliza mmomonyoko ni nini, darasa linaitikia kwa sauti moja. Leo ameweka mezani chupa mbili zilizolazwa na kukatwa ubavuni. Zote zina udongo uliochotwa nje ya dirisha, ila ya pili imefunikwa kwa majani makavu. Mtoto mmoja anamimina maji kwa kopo lenye matundu. Chini ya mdomo wa kila chupa kuna kikombe cha kioo. Cha kwanza kinajaa haraka, maji mekundu mazito. Cha pili maji yanachelewa, yanadondoka tone kwa tone, na ukikiinua kwenye mwanga vidole vinaonekana upande wa pili.

Darasa limetulia. Kisha msichana wa dawati la mbele ananyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa mbona sisi kila asubuhi tunafagia majani yote?"

Mwalimu ananitazama. Sikumsaidia, kwa sababu hakuhitaji msaada. Akamwambia, "Swali zuri sana. Liandikeni wote kwenye daftari, jibu tutalitafuta pamoja." Kwangu somo lilianza hapo. Zile chupa zilikuwa za kulifikisha darasa kwenye swali hilo.

Saa 4. Uji, na mazungumzo na mwalimu mkuu. Nikampelekea swali la yule binti. Hakukasirika, ila alinipa sababu zake: majani yakikaa, nyoka wanakaa, wakaguzi wakija, uwanja uliofagiwa ndio unaoitwa safi, wazazi nao wanataka hivyo. Sababu hizo ni za kweli, na mkufunzi anayezipuuza atasikilizwa kwa adabu tu, kisha mambo yarudi yalivyokuwa. Nikamwomba alilete swali lenyewe kwenye kikao cha walimu. "Sawa mama," akasema, "lakini hilo la nyoka mnijibu."

Saa 5. Tunakaa kwenye chumba cha darasa la Saba, ambacho kiko wazi tangu watoto wamalize mtihani wa Septemba. Wamekuja walimu wa shule za jirani pia. Dakika tano za mwanzo nasikia ninachokisikia kila kituo: "Mimi nafundisha Hisabati. Mazingira yana mwenyewe."

Basi tukaanza na Hisabati. Tulitoka nje na futi kamba tukapima jengo. Hatupandi juu ya bati wala hatupimi mteremko wa paa. Tunapima eneo la chini ambalo paa linalifunika. Mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Nikawapa jambo moja tu: milimita moja ya mvua juu ya mita ya mraba moja ni lita moja ya maji. Mwenye Hisabati akachukua chaki mwenyewe. Mvua ya milimita 550 mara 160 ni lita 88,000. Tukatoa moja ya tano kwa yanayorukia nje na kuvuja kwenye mifereji, zikabaki lita 70,400. Kutoka paa moja.

"Na simtanki letu ni la lita 5,000," akasema mwalimu wa Sayansi. Tukapiga tena: mvua ya milimita 40 inalijaza na kuzidi, na milimita 40 Dodoma huweza kushuka mchana mmoja. Yanayobaki yanakwenda wapi? Kila mtu akageuka kutazama korongo lililo nyuma ya vyoo.

Umahiri unaotakiwa na muhtasari haukubadilika: ni eneo, kuzidisha, sehemu. Kilichobadilika ni swali. Mstatili wa kitabuni umekuwa paa la shule. Walimu wakatengeneza na kipimamvua: kata chupa juu, igeuze shingo ndani ya chupa, mimina maji kidogo chini mpaka pale penye mabonde pajae, halafu sifuri ya rula ianzie hapo. Wasipofanya hivyo vipimo vyote vinakuwa vya uongo.

Wa Kiswahili alikuwa hajapata chake, na hapo ndipo mwalimu mmoja anayekaribia kustaafu, mzaliwa wa Kondoa, akasimama. Alikuwa mtoto mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na makorongo, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. "Ng'ombe wa baba walihamishwa. Nyumbani tuliona kama tumefiwa. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, nimeiona kwa macho yangu. Lakini maziwa hatukuwa nayo tena." Chumba kizima kilimsikiliza. Huo ni mdahalo kamili wa darasa la Sita: je, ilikuwa haki? Nalipenda swali hilo kwa sababu halimwachii mtoto jibu la bango la "tunza mazingira yakutunze". Linamlazimisha kuuliza nani anabeba gharama.

Saa 7. Ugali wa mtama na mlenda kwa mama lishe. Haraka.

Saa 8. Nyuma ya uwanja, kisiki hai, yaani kukuza upya mti uliokatwa kwa kutunza machipukizi ya kisiki chake. Miche tuliyozoea kuigawa shuleni hufa likizo ya Juni kwa kukosa wa kuimwagilia. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika chini. Ndiyo njia ambayo Tony Rinaudo, mtaalamu kutoka Australia, aliieneza Niger miaka ya 1980, na leo wakulima wengi wa Dodoma wanaifanya. Tulipata mgunga uliokatwa siku nyingi, umechipua kama kichaka. Unachagua machipukizi machache manene na yaliyonyooka, mengine unayakata karibu na shina kwa mshazari, unapogoa matawi ya chini ya yale yaliyobaki, halafu unafunga kitambaa chekundu ili mchungaji na mkata kuni wajue una mwenyewe. Miiba ilitukwaruza. Matawi tuliyokata hatukuyachoma, tuliyalaza kukinga njia ya maji kuelekea korongoni.

Hapo mwalimu mkuu akapata pa kusimamia. Karibu na madarasa wataendelea kufagia, kwa ajili ya nyoka. Majani yatakayofagiwa yatapelekwa kwenye mashina na kwenye mteremko huu, na chini ya mstari wa miti fagio halitafika. Darasa la Tano ndilo litakalopima tofauti mvua zikianza.

Saa 10. Kila mwalimu anaandika andalio la somo la wiki ijayo, la kweli, la kufundishia. Napita meza kwa meza. Kosa ni lile lile: swali la mazingira linapachikwa mwishoni, dakika tano za kumalizia. Nawaomba walilete mwanzo. Mmoja anabisha kwamba mtihani hauulizi mambo ya paa. Nakubali hauulizi, ila unauliza eneo, na mtoto aliyelipima kwa mikono yake halisahau.

Saa 2 usiku. Simu inaita, ni yule wa Hisabati. Anataka kujua mfereji wa bati wa mita 20 unauzwaje mjini, na kama kamati ya shule ikikubali, uinamie upande gani. Nimemwambia upande wenye tanki, na bomba la maji ya ziada lielekezwe kwenye miti. Mengine amesema watoto wake watapiga hesabu kesho kipindi cha pili.