Siku ya bamvua Nungwi: kukalafati mashua kabla maji hayajarudi

Saa 10 alfajiri. Hapa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa saa 4 na kitu asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa kuna karibu mita 4. Mashua ya futi 30 ya kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa za mbao kwa pamba, inapandishwa mpaka pale maji yenyewe yatakapoifikisha, inatiwa nanga mbele na nyuma, basi. Siku huchaguliwa maji yakiwa bado yanaongezeka, siku moja au mbili kabla ya kilele. Anayepandisha chombo siku ya kilele anacheza bahati nasibu: maji ya jioni yakipungua shibiri moja tu, chombo kimekwama mchangani hadi bamvua lijalo, wiki 2 hivi.

Saa 12. Mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, unagusa mchanga. Gadi za mikoko, miti ya kukiegemeza chombo, zinasimamishwa mapema, kabla chombo hakijaanza kulala upande. Kila gadi ikae palipo na taruma, yaani ubavu wa chombo, ndani. Ikikaa kati ya mataruma mawili, uzito wa chombo utausukuma ubao uingie ndani. Chini ya gadi weka kipande cha ubao, maana mchanga mbichi huimeza.

Kukwangua kunaanza watu wakiwa bado ndani ya maji ya magoti. Mwani na makombe yakiwa mabichi hutoka kwa panga butu. Yakishapigwa na jua hushika kama saruji, na ukilazimisha unang'oa nyuzi za mbao.

Saa 1 asubuhi. Moto. Mafuta ya mashine na kila chenye petroli kimeshashushwa, ndoo za maji ziko tayari. Makuti makavu yanafungwa fungu, yanawashwa, na mtu anapita nayo chini ya chombo bila kusimama pahali pamoja. Deheni ya zamani, ile shahamu na chokaa iliyopakwa chini ya chombo, ikianza kutokota na mvuke kutoka kwenye mbao, sogea. Kazi ya moto ni kukausha na kuua funza wa baharini wanaotoboa mbao kutoka ndani; nje utaona tundu la sindano tu, kumbe ndani ubao ni mapango matupu. Ubao ukigeuka mkaa umezidisha. Moto hutangulia kalafati siku zote, kwa sababu pamba yenye mafuta haingoji kubembelezwa ili iwake.

Saa 2 na nusu. Sasa chombo kinasomwa. Nyundo ndogo inapita ubao kwa ubao: mbao nzima hulia, iliyooza hujibu kwa sauti ya bubu. Penye shaka chomeka ncha ya kisu. Michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari si uchafu wa kupakwa rangi; chuma kinachooza huula ubao unaokizunguka. Msumari wa namna hiyo ng'oa, na usirudishe mpya kwenye tundu lile lile. Tundu la zamani huzibwa kwa kijiti kilichochovywa deheni, tundu jipya linatobolewa kwa keekee vidole viwili au vitatu pembeni, jembamba kidogo kuliko msumari. Bila keekee mbao ngumu ya mbambakofi hupasuka. Chini ya kichwa zungusha uzi wa pamba, gonga, kisha ncha inayotokea ndani ikunjwe juu ya taruma.

Kubadili ubao mzima si kazi ya maji mamoja. Usiufungue.

Saa 4 mpaka saa 7. Kalafati, na hapa ndipo siku inapoliwa. Pamba kuukuu inavutwa kwa ndoano, ufa unasafishwa mpaka mbao ionekane. Pamba mpya inasokotwa unene unaolingana na ufa, inalowekwa mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya samaki), inakamuliwa, halafu inaingizwa kwa patasi butu kwa vikunjo vidogo vidogo. Ikae ndani milimita 3 hivi chini ya uso wa ubao.

Kosa linaloharibu vyombo vingi ni bidii. Chombo kilichokaa juani wiki kadhaa kina nyufa pana, na fundi mgeni huzijaza kwa nguvu zake zote. Kikirudi majini mbao hufura, pamba haina pa kwenda, misumari inalegea na taruma linaweza kukatika. Ufa uliopanuka kwa ukavu unatiwa pamba kiasi, maji yatamalizia. Kuhusu wanaobandika faiba juu ya ufa wa chombo cha mbao, maoni yangu ni mafupi: mbao zinacheza, faiba haichezi, na maji yanayonaswa katikati huozesha pasipoonekana.

Saa 7 mchana. Deheni: shahamu ya ng'ombe imeyeyushwa kwa moto mdogo, chokaa iliyokwisha kuzimwa na kuchungwa inamwagwa kidogo kidogo huku inakorogwa. Ikiwa nyepesi huteleza. Ikiwa nzito mno hupasuka na kubanduka. Inapakwa kwa kiganja ingali vuguvugu, kuanzia mkukuni kwenda juu, kwa kuwa mkuku ndio utakaofikiwa na maji kwanza. Sehemu ya juu ya mstari wa maji inapata sifa tu. Inanuka, ndiyo.

Saa 8 na dakika 10. Maji yanagusa mkuku. Gadi haziondolewi mpaka chombo kianze kutikisika chenyewe.

Saa 11 jioni. Kimeelea. Maji kuingia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, saa za mwanzo ni kawaida, mbao zinafura. Fua maji yote, kisha pima kwa kijiti kila nusu saa. Nyongeza ya kila nusu saa ikipungua, lala. Isipopungua, fuata mchirizi kwa kurunzi hadi unapoanzia, tia alama ya mkaa kwa ndani. Maji ya kesho yatachelewa dakika 40 hadi 50, na pahali pa kufungua patakuwa panajulikana.